Fundi wa Umeme wa Kiwandani

Kusini ya mji wa Unguja, mwendo upatao kilomita 20, nchi yanyoosha kidole kirefu kuingia baharini. Kidole hicho ndicho rasi ya Fumba. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye udongo mchache, na wenyeji wake tangu zamani ni wavuvi na wakulima wadogo. Mgeni asimamaye ufuoni haoni ajabu yoyote. Huona maji, mikoko, na ngalawa zikirudi kwa upepo. Lakini chini ya maji yale, mahali pasipoonekana, umelala waya mnene uliovikwa ngozi juu ya ngozi na kukazwa kwa chuma. Kwa waya huo Unguja hupata taa zake, maji ya mifereji yake, na nguvu ya viwanda vyake.

Waya huo watoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hupita chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 35, kisha hutokea Ras Fumba. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, ukaweza kuleta megawati 45. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea injini za dizeli. Watu walipozidi, na nyumba, hoteli na mashine zikaongezeka, waya ule ukaelemewa. Kwa hiyo mwaka 2013 uliwekwa mwingine wenye uwezo wa megawati 100, kwa fedha zilizotolewa na Marekani. Pemba nayo ilipata waya wake wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010.

Basi mtu akiuliza, Umeme huu asili yake ni wapi? jibu lake ni refu. Sehemu yake hutoka katika maji ya Mto Ruaha Mkuu, yanayozungusha mitambo ya Kidatu tangu mwaka 1975. Sehemu nyingine hutoka katika gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Nyingine hutoka katika bwawa kubwa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Nguvu hizo zote huchanganyika katika nyaya za Bara kama vijito vinavyoingia mto mmoja. Hivyo mvua inyeshayo katika milima ya Iringa yaweza kuzungusha mashine huko Fumba, wala mwenye mashine hajui.

SAFARI YA UMEME

Umeme hufanana na maji ndani ya bomba. Maji yana msukumo wake, na yana wingi wake. Msukumo wa umeme hupimwa kwa volti, na wingi wake hupimwa kwa ampea. Nguvu ile ile yaweza kupelekwa kwa msukumo mdogo na wingi mkubwa, au kwa msukumo mkubwa na wingi mdogo. Lakini wingi mkubwa huupasha waya joto, na joto hilo ni hasara, kama maji yavujayo njiani. Kwa sababu hiyo umeme wa safari ndefu husukumwa kwa nguvu sana. Uingiapo Fumba una volti 132,000. Kiwandani mashine hutumia volti 400, na taa za nyumbani volti 230. Ukigawanya 132,000 kwa 400 utapata 330. Maana yake, katika safari yake umeme ule hupita kwa wingi uliopunguzwa mara 330.

Kutoka Fumba, nyaya zilizobebwa na minara huupeleka umeme hadi Mtoni, kaskazini ya mji. Hapo vipo vyombo vikubwa viitwavyo transfoma, ambavyo kazi yao ni kupunguza msukumo: kwanza hata volti 33,000, kisha mahali pengine 11,000, na mwisho 400. Transfoma haina kitu kizungukacho ndani yake. Ni chuma kilichozungushiwa nyaya mara mbili, huku nyingi na huku chache, nao umeme hupita kutoka upande huu kwenda upande huu bila nyaya hizo kugusana.

Jambo hilo la ajabu lilivumbuliwa mwaka 1831 na Michael Faraday, Mwingereza. Huyu alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi, katika nyumba ya kimaskini. Shule alisoma kidogo tu. Alipokuwa kijana alitiwa kwa bwana mmoja ajifunze kazi ya kujalidi vitabu. Naye, badala ya kushona kurasa tu, alizisoma. Alipofika katika habari za umeme aliwaka moyo, akanunua vyombo kwa senti zake na kujaribu mwenyewe mambo aliyoyasoma. Mwaka 1821 alikuwa amekwisha kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku. Mashine zote zizungukazo kwa umeme duniani ni wajukuu wa jaribio lile.

SIKU ZA GIZA

Thamani ya kitu hujulikana kitokapo. Mwezi wa Mei 2008 njia ile ya umeme iliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ikatengenezwa. Mwezi wa Desemba 2009 ikaharibika tena, na giza la mara hii likadumu hata Machi 2010, karibu miezi 3.

Mtu aliye mbali hufikiri kwamba kukosa umeme ni kukosa taa tu, na taa ya mafuta yatosha. Wenyeji waliona mengine. Pampu zilisimama, na watu wakarudi visimani na ndoo. Samaki hakuwa na barafu, wala duka halikuwa na baridi ya kuhifadhi chakula. Seremala mwenye msumeno wa umeme, mshonaji mwenye cherehani ya umeme, na mchomeleaji wa vyuma walikaa mikono mitupu. Wenye jenereta waliendelea kidogo, lakini dizeli ilikula faida yao. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Alfredo Burlando, alichunguza habari za giza lile la mwaka 2008. Aliona kwamba watu waliofanya kazi zinazohitaji umeme walipungukiwa na saa za kazi. Tena aliona kwamba watoto waliokuwa wachanga sana tumboni mwa mama zao wakati ule walizaliwa wakiwa na uzito uliopungua kidogo. Umeme ulikatika, na upungufu ukafika mpaka katika mizani ya watoto wachanga.

Habari hii yafundisha kwamba kazi ya fundi wa umeme si jambo dogo. Wako mafundi walindao njia kuu, na wako mafundi watiao taa majumbani. Kati yao yuko wa tatu, ambaye watu hawamjui sana: fundi wa umeme wa kiwandani. Umeme ukifika mlangoni pa kiwanda, ni wajibu wake kuufanya uzungushe mashine kila siku, na usimdhuru mtu. Unguja inavyo viwanda vya namna nyingi. Mahonda kuna kiwanda cha sukari; maji hutiwa chupani; barafu hugandishwa kwa ajili ya wavuvi. Na Fumba yenyewe, tangu miaka ya 1990, ni eneo lililotengwa na serikali kwa ajili ya viwanda na biashara za nje. Kila kiwanda kinataka fundi wake.

MOTA NA NYAYA TATU

Katika kiwanda, kazi nyingi hufanywa na mota. Mota husukuma maji, huzungusha mapanga ya feni, huvuta mikanda ichukuayo chupa, na hukandamiza hewa ya mashine za baridi. Fundi aijuaye mota vizuri amekwisha kujua nusu ya kazi yake.

Umeme wa mashine kubwa huja kwa nyaya tatu, nazo huitwa fezi. Katika kila waya umeme huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Lakini nyaya hizo hazisukumi kwa pamoja. Husukuma kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: mmoja ashushapo mchi, wa pili ainua, na wa tatu yu katikati. Kwa zamu hiyo sumaku iliyo ndani ya mota huzunguka pande zote bila kukoma, nayo huvuta kile chuma cha katikati kiifuate. Mota nyingi za viwandani huzunguka kwa mwendo ukaribiao mara 1,500 kwa dakika.

Katika zamu hiyo mna mambo mawili ambayo fundi hayasahau. La kwanza, nyaya mbili kati ya tatu zikibadilishana mahali, mota huzunguka kinyume. Pampu izungukayo kinyume hutoa maji kidogo mno, na mashine nyingine yaweza kuvunjika. Kwa hiyo fundi, akiisha kufunga mota mpya, huiwasha kwa nukta moja tu na kutazama inageukia wapi, kabla ya kuiunganisha na mzigo wake.

La pili, waya mmoja ukikatika, mota haisimami papo hapo. Huendelea kwa nyaya mbili zilizobaki, kwa taabu, ikinguruma kama ng'ombe aliyetwishwa mzigo mzito. Nyaya zile mbili hubeba kazi ya watatu, joto hupanda, na baada ya dakika chache harufu ya kuungua hujaa chumbani. Ili kuzuia hasara hiyo, kila mota huwekewa mlinzi katika kabati la swichi. Mlinzi huyu hupimiwa wingi wa umeme unaoruhusiwa kupita, na ukizidi kwa muda huikata njia. Fundi mwema humpimia mlinzi huyo sawasawa na hesabu iliyoandikwa katika kibao cha mota. Fundi mvivu, akiona mlinzi akata mara kwa mara, humlegeza. Naye ni kama mtu amfungaye mbwa wake kinywa kwa sababu alibweka usiku wezi walipokuja.

Kuwasha mota nako kwataka hesabu. Mota ya nguvu za farasi 10, ikiwa katika mwendo wake, hutumia ampea 15 hivi. Lakini wakati wa kuanza, ikiwa imesimama, yaweza kuvuta mara sita, yaani ampea 90, na taa za kiwanda zikafifia. Kwa hiyo mota kubwa huwashwa kwa hatua mbili: kwanza nyaya zake hufungwa kwa namna ipunguzayo umeme hata theluthi moja, yaani ampea 30, na ikisha kushika mwendo hubadilishwa na kupewa nguvu yake yote. Ni sawasawa na kulisukuma gari lililokwama. Watu hawalirukii, bali huanza polepole na kuongeza.

ADUI WA KAZI

Kila nchi ina adui zake kwa vyombo vya umeme. Katika Unguja adui mkubwa ni bahari ile ile iletayo samaki. Upepo wa kusi na wa kaskazi huchukua chumvi, na chumvi huketi juu ya shaba na chuma. Palipo na chumvi na unyevu, umeme hupata njia ya kuvuja, na viungo vya nyaya huota kutu. Kiungo chenye kutu hakipitishi umeme vizuri. Hupata joto, hulegea, kisha hupata joto zaidi. Moto mwingi huanza katika kiungo kimoja tu kilicholegea.

Adui wa pili ni joto. Mafundi huhesabu kwamba, joto la ngozi ya nyaya za mota likizidi digrii 10 juu ya kipimo chake, maisha ya ngozi hiyo hupungua kwa nusu. Mota ambayo ingeishi miaka 20 yaweza kuishi 10 tu, kwa sababu ya vumbi lililoziba mapezi yake ya kupozea. Kuondoa vumbi hilo kwataka brashi na robo saa.

Adui wa tatu ni ardhi yenyewe. Kila mashine yenye mwili wa chuma hufungwa waya unaoshuka ardhini, uitwao ethi, ili umeme ukivuja upate njia ya kwenda chini wala usimpitie mtu. Lakini mawe makavu ya matumbawe hayapokei umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Katika mahali kama Fumba haitoshi kupigilia chuma kimoja na kwenda zako. Hapana budi kupigilia vyuma vingi na kuviunganisha pamoja, au kuchimba chini zaidi, kisha kupima kwa mita mpaka hesabu iwe nzuri. Na kipimo hicho hurudiwa wakati wa kiangazi, maana ardhi iliyokuwa njema wakati wa masika yaweza kuwa mbaya ikikauka.

Kwa ajili ya adui hao fundi wa kiwandani hangojei kitu kiharibike. Ana daftari, na katika daftari kila mota ina ukurasa wake: siku iliyotiwa grisi, joto lake, ampea zake, na sauti yake. Hukaza viungo, hupangusa, hupima ngozi za nyaya. Akiona kwamba mota iliyokuwa ikitumia ampea 12 sasa yatumia 14, wala kazi yake haikuongezeka, hujua kwamba kuna neno. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye fundi huutafuta ufa ungali mwembamba.

KUTAFUTA KISA

Ingawa hivyo, vitu huharibika. Hapo ndipo fundi hujaribiwa akili na moyo.

Tuseme katika kiwanda cha barafu pampu imesimama. Fundi afungua kabati la swichi, na kuona fyuzi imeungua. Wavuvi wangoja nje na matenga yao, jua lapanda, na samaki hawangoji. Msimamizi aja mbio.

“Fundi, tia waya mnene mahali pa fyuzi, kazi iendelee.”

“Bwana, fyuzi hii imetuambia neno. Tukiuziba mdomo wake, litakalosema baada yake ni moto.”

“Lakini watu wangoja!”

“Nipe nusu saa, bwana. Nikishindwa nitakuja mwenyewe kuwaeleza.”

Fundi huyu hakusema hivyo kwa kiburi. Fyuzi ni waya mwembamba uliokusudiwa kuyeyuka kabla ya vingine kuungua. Kuungua kwake si ugonjwa; ni dalili. Kama tabibu asivyotibu homa kwa kuvunja kipima joto, ndivyo fundi asivyotibu hitilafu kwa kuiziba fyuzi.

Basi hufuata njia moja, hatua kwa hatua. Huuliza kwanza waliokuwapo: Pampu ilitoa sauti gani kabla ya kusimama? Je, ilianza leo, au jana ilisita? Kisha hutazama na kunusa. Kisha huzima umeme, na kuigawa njia yote katika sehemu mbili. Hupima ya kwanza. Ikiwa nzima, ubaya u katika ya pili. Hiyo nayo huigawa mara mbili na kupima. Kwa kugawa hivyo, njia yenye sehemu 16 huchunguzwa kwa vipimo 4 tu. Mtu abahatishaye angepima 15, au angebadilisha vitu vizima na kuacha kibovu.

Katika mfano huu, nyaya zaonekana nzima na mota nzima. Fundi ashika ekseli ya pampu na kuizungusha kwa mkono, haizunguki. Beringi imekwama kwa kutu, kwa kuwa maji ya chumvi yameingia. Umeme haukuwa na kosa lolote. Mota ililazimishwa kuzungusha kitu kisichozunguka, ikavuta umeme mwingi, na fyuzi ikafanya wajibu wake. Lau fundi angetia waya mnene, mota ingeungua pia. Na badala ya beringi moja kiwanda kingenunua mota, na wavuvi wangekosa barafu siku nyingi badala ya saa chache.

KUFULI NA UFUNGUO

Yamebaki maneno yaliyo makubwa kuliko yote. Nyoka huonekana, moto huonekana, na mawimbi huonekana. Umeme hauonekani, hauna harufu wala sauti. Waya wenye umeme na waya usio na umeme ni sura moja. Taa ya wati 60 hutumia kiasi cha milliampea 260, yaani ampea moja ikigawanywa sehemu elfu, basi sehemu 260 kati yake. Lakini milliampea 30 tu, karibu sehemu ya tisa ya zile za taa, zikipita kifuani mwa mtu kwa muda, zaweza kumwua. Basi hapana umeme wa kiwandani uwezao kuitwa mdogo.

Kwa sababu hiyo fundi hupimwa hasa kwa jinsi ahakikishavyo kwamba umeme haupo. Kuwasha mashine hata mtoto aweza kwa kubonyeza kidude. Kuhakikisha imekufa kweli, wala haiwezi kufufuka mikononi mwa mtu, ndiyo elimu yenyewe. Taratibu yake ni hii.

Kwanza, huwaambia wote wanaohusika kwamba mashine fulani yataka kuzimwa. Pili, huizima, kisha huikata katika swichi yake kuu. Tatu, huifunga swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe, na kutundika kibao chenye jina lake. Ufunguo huutia mfukoni mwake, wala hampi mtu. Nne, huchukua mita yake na kuijaribu kwanza katika waya anaojua una umeme, ili aone kwamba mita ni nzima. Kisha hupima nyaya anazotaka kuzishika, zote tatu. Kisha huijaribu mita mara ya pili katika ule waya wa kwanza. Mtu mwingine aweza kucheka na kusema, Mara tatu za nini? Jibu lake ni kwamba mita iliyokufa nayo huonyesha sifuri. Tano, hutoa umeme uliojificha, kwa maana viko vyombo vihifadhivyo umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kama mtungi uhifadhivyo maji baada ya mfereji kufungwa. Hapo ndipo ashikapo kazi.

Wakifanya kazi watu watatu, makufuli huwa matatu katika swichi moja, kila mmoja lake. Mmoja akimaliza huondoa lake tu. Umeme hauwezi kurudi mpaka wa mwisho ametoka na kufungua kwa mkono wake. Fikiri mtu aliyeingia ndani ya pipa kubwa la kuchanganyia, kusafisha mapanga yake. Nje apita mwenziwe asiyejua habari, aona mashine imesimama, na kwa nia njema aiwasha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtu amekufa. Kufuli dogo lingemzuia. Haraka ya msimamizi, giza la chumba, usahaulifu, na hata nia njema, vyote hushindwa na ufunguo ulio katika mfuko wa mtu aliye ndani.

Na kabla ya kurudisha umeme, fundi huhesabu vyombo vyake: bisibisi, koleo, spana. Koleo lililosahauliwa ndani ya kabati la swichi ni hatari. Kisha huhesabu watu.

NANI AWEZA KAZI HII

Kazi hii yataka hesabu, maana fundi hugawanya na kuzidisha kutwa. Yataka kusoma, maana kila mashine ina kitabu na ramani ya nyaya zake, na alama moja ikisomwa vibaya yaweza kuharibu mengi. Yataka mikono safi na macho mepesi. Katika Unguja wako wanaojifunza ufundi huu katika Chuo cha Karume cha Sayansi na Teknolojia kilichopo Mbweni, na katika vyuo vya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni; na Bara katika vyuo vya VETA. Wala si kazi ya wanaume peke yao. Huko Kinyasini, kaskazini ya kisiwa, kina mama wa vijijini, wengine wasiopata kusoma sana, wamefunzwa kutengeneza vyombo vya umeme wa jua, wakarudi makwao kutia taa katika nyumba za jirani zao.

Lakini zaidi ya hesabu na kusoma, yataka uaminifu. Kazi ya seremala huonekana. Mlango ukipinda kila mtu autazama. Kazi ya fundi wa umeme imefichwa ndani ya kabati na chini ya ukuta. Kiungo kilichokazwa vizuri na kiungo kilicholegea hufunikwa na kifuniko kimoja. Fundi aweza kuandika katika daftari, “Nimepima,” naye hakupima, na siku hiyo hakuna atakayejua. Imeandikwa ndani ya moyo wake peke yake, na mbele za Mungu. Baada ya mwezi au mwaka, ukweli hutokea; na mara nyingi humtokea mwingine, asiye na kosa, aliyeweka mkono wake juu ya mashine akiamini kwamba mtu fulani alifanya wajibu wake.

Saa ya kufunga kazi ikifika, mashine husimama moja moja, na upepo wa bahari husikika tena katika mabati ya paa. Wafanyakazi waenda zao wakizungumza. Hakuna amshukuruye fundi, kwa sababu siku ile halikutokea lolote. Naye huandika tarehe katika daftari lake, huyahesabu makufuli, huona yametimia, na kuzifunga funguo zake.